Moto wa Jirani: Jenereta ya Nyumbani na Wajibu wa Mwenye Nuru

Jenereta ya nyumbani ni mali ya mtu mmoja, lakini nuru yake, kelele zake na moshi wake havikai ndani ya ua wa mtu mmoja. Mkazi wa Kalemie anayeinunua kwa sababu umeme wa mji hukatika huinunua kwa fedha yake halali, huitilia esansi kwa jasho lake, na hakuna sheria inayomlazimu kumgawia yeyote. Hata hivyo, usiku wa kwanza anapoiwasha, nyumba yake inang'aa na nyumba ya pili iko gizani, na kinachozitenga ni ukuta wa matofali tu. Je, mwenye nuru ana deni gani kwa aliye upande wa pili wa ukuta? Swali hili ni la zamani kuliko mashine yenyewe. Waislamu, Wakristo na wazee wa mila walikwisha kulijadili kabla umeme haujajulikana. Wakati huo lilikuwa swali la moto.

Mji na giza lake

Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati wa utawala wa Wabelgiji, iko kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda kuungana na Lualaba. Umeme wake unatoka Bendera, kituo cha nguvu za maji cha mto Kiyimbi kilicho takriban kilomita 120 kaskazini mwa mji. Kilijengwa katika miaka ya 1950, kikapewa mitambo miwili yenye uwezo wa megawati 17.2 kwa jumla, enzi ambazo reli, bandari na kiwanda cha nguo cha Filtisaf viliufanya mji huu uwe mji wa kazi. Mwishoni mwa Juni 1965 Bendera ikawa uwanja wa vita, pale waasi waliokuwa pamoja na Wakuba wa Che Guevara walipoishambulia ngome ya jeshi iliyokuwa hapo, wakashindwa. Leo kituo kiko chini ya SNEL, shirika la umeme la taifa lililoundwa mwaka 1970.

Mji unaotegemea mitambo miwili mikongwe na njia moja ndefu ya nyaya hauna pa kukimbilia. Nguzo ikianguka, radi ikipiga transfoma, au mtambo ukisimama kwa matengenezo, mitaa hugawana umeme kwa zamu au huukosa kabisa. Wakongo wameuzoea mgao huo kwa jina la Kifaransa, delestaji.

Nchi nzima iko katika hali ya namna hiyo. Ni takriban mtu mmoja kati ya watano nchini Kongo anayepata umeme, ingawa maji ya mto Kongo pale Inga ni kati ya hazina kubwa za nguvu duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilishwa waya wa kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya Katanga. Umeme wake ni wa mkondo mmoja, wenye volti nyingi mno, na hauchotwi njiani kwa urahisi. Kwa hiyo unapita juu ya vijiji ambavyo watu wake hula chakula cha usiku kwa koroboi.

Historia hii ina uzito katika swali la dini. Giza la usiku ni kazi ya Muumba, lakini giza la nyumba yenye waya ukutani na balbu darini ni matokeo ya maamuzi ya wanadamu: wapi pajengwe, nani apewe, kipi kitengenezwe na kipi kiachwe. Lililoamuliwa na watu haliwezi kuitwa kudra na kuachwa hivyo. Na anayepata njia ya kutoka katika giza hilo peke yake bado anaishi katikati ya wale waliobaki ndani yake.

Kinachonunuliwa

Jenereta, ambayo wengi katika Kiswahili cha Kongo huiita grupu, ni injini inayozungusha sumaku ndani ya nyaya za shaba, na mzunguko huo ndio unaozaa umeme. Za nyumbani nyingi hutumia esansi, na kubwa zaidi hutumia mazuti. Esansi yenyewe huuzwa pia kando ya barabara, kwenye bidoni na chupa, na katika miji mingi ya Kongo wauzaji hao huitwa Kadhafi, kwa jina la mtawala wa Libya aliyekuwa na mafuta mengi.

Mnunuzi mwenye busara huanza kwa kuhesabu wati. Taa nne za LED za wati 9 kila moja ni wati 36. Televisheni ndogo ni kama wati 80. Friza ya kuhifadhi mikebuka na ndagala inaweza kula wati 150 ikiwa inaendelea, lakini inapoanza huhitaji mara tatu ya hizo au zaidi kwa kitambo kifupi. Chaja ya simu ni wati 5 hadi 10. Nyumba ya namna hiyo inatosheka na mashine ya kilowati moja na nusu au mbili, na anayenunua ya kilowati tano kwa sababu jirani anayo ya tatu ananunua kitu kingine kisichokuwa umeme.

Jambo moja la ufundi linagusa moja kwa moja mjadala huu wa maadili. Ili itoe umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, kama wa SNEL, jenereta ya kawaida ya esansi huzunguka mara 3,000 kwa dakika, iwe na mzigo au isiwe nao. Injini inakula mafuta ili izunguke tu, kabla haijawasha hata taa moja. Ukiongeza simu moja, mafuta yanayozidi hayaonekani kwa macho. Ukiongeza friza, injini inaguna na tangi linashuka. Mashine zenye inveta hupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo, lakini nazo haziwezi kuzunguka bure.

Moto usiopungua

Kabla ya kiberiti kuenea vijijini, moto ulikuwa ukiombwa. Mwanamke ambaye meko yake yamezimika alikwenda kwa jirani na kigae cha chungu, akapewa kaa moja jekundu lililofunikwa majivu, akarudi nalo akilipulizia njiani. Aliyetoa hakupungukiwa na kitu. Kumnyima mtu moto kulikuwa tangazo la uadui, kwa sababu hakukuwa na kisingizio: meko ya mtoaji yaliendelea kuwaka vilevile.

Mafundisho ya Uislamu yanalitamka jambo hili kama haki. Hadithi iliyopokewa katika mkusanyo wa Abu Daud inawahesabu Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanazuoni wa fikihi waliuliza mara moja: ushirika huo unafika wapi? Wale wa madhehebu ya Hanafi walitenganisha nuru na kaa. Mtu akiwasha moto nyikani, wengine wana haki ya kuota joto lake, kukaushia nguo na kuwashia taa zao, wala hawezi kuwafukuza. Lakini kuni zinazoungua na makaa yanayobaki ni mali yake, na hayachukuliwi bila ruhusa. Maji nayo yaliamuliwa kwa mantiki hiyohiyo: ya mtoni ni ya wote, ila yakishatekwa na kutiwa mtungini ni ya aliyeyateka.

Mrumi Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alifika karibu na hapo kwa njia ya akili tu. Alisema kuna vitu ambavyo humfaa anayepokea na havimlemei anayetoa: maji yanayotiririka, moto unaowashwa kwa moto, ushauri wa kweli kwa anayesitasita. Vitu hivyo hata mgeni asiyejulikana asinyimwe. Kisha akaongeza kwamba mali ya kila mtu ni chache na wahitaji hawana mwisho. Kwa hiyo ukarimu uwe na kipimo, taa ya mtoaji ibaki inawaka, ili aweze kuwatendea mema walio wake.

Mafuta ya wanawali

Pingamizi lipo, na ni zito. Umeme wa jenereta si moto wa meko, maana saa ikipita na mafuta yamepungua. Anayegawa umeme anagawa esansi, na esansi ni fedha ya shule, ya dawa na ya unga. Wakristo wengi, wakisukumwa kwenye swali hili, huukumbuka mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Wanawali watano walikuja na taa bila akiba ya mafuta. Walipowaomba wenzao, walikataliwa, wakaambiwa waende kwa wauzaji. Na katika mfano huo wenye busara ndio waliokataa.

Lakini kuutumia mfano huo kufungia lango ni kuusoma nusu. Mababa wa Kanisa walijiuliza mafuta hayo ni nini. Yohane Krisostomo, aliyekufa mwaka 407, alifundisha kwamba mafuta ni huruma na sadaka kwa maskini. Augustino wa Hipo, aliyekufa mwaka 430, aliyaona kuwa ni upendo. Kwa maana hiyo wanawali wenye busara hawakukataa kwa uchoyo, bali kwa kuwa matendo mema ya mtu hayaazimwi. Anayekwenda bila mafuta ni yule aliyeishi bila kumhurumia mwenzake. Hivyo mfano unaoonekana kumtetea mwenye nyumba dhidi ya jirani unageuka na kumuuliza yeye: mafuta yako yako wapi?

Na pingamizi lenyewe, kwa upande wa ufundi, ni kweli kwa sehemu tu. Simu ya jirani ikichomekwa kwenye mashine ambayo tayari inanguruma ni moto uliowashwa kwa moto. Daftari la mtoto wa jirani likifunguliwa chini ya taa ambayo tayari inawaka ni nuru isiyopungua. Friza ya jirani ni jambo jingine. Hilo ndilo kaa na kuni, ndiyo mafuta ya chupa. Ushirika wa moto haukufutwa na teknolojia. Umebaki katika ile sehemu isiyogharimu, na kumnyima jirani sehemu hiyo hakuna tofauti na kumnyima kaa la moto mwanamke mwenye kigae.

Katika Qurani, sura ya 107, Al-Maun, inawakemea watu wanaosali kwa kujionyesha na huku wanazuia vitu vidogo vya msaada. Wafasiri wengi wameifafanua maun kuwa ni vyombo ambavyo majirani huazimana: ndoo, chungu, shoka, sindano. Tundu moja la kuchajia simu, mahali ambapo simu ndiyo benki, ndiyo posta na ndiyo njia ya kumwita daktari, ni maun ya zama hizi.

Madhara kabla ya hisani

Kuna deni linalotangulia hata kugawa, nalo ni kutodhuru. Kanuni ya fikihi inayozuia mtu kudhuru na kulipiza madhara kwa madhara ni kati ya misingi inayojulikana zaidi katika sheria ya Kiislamu, na amri ya Agano la Kale ya kumpenda jirani inaanza palepale: mtu hawezi kumpenda yule anayemkosesha pumzi.

Jenereta hudhuru kwa njia tatu. Ya kwanza ni hewa. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Kwa sababu hiyo mashine haiwashwi kamwe ndani ya nyumba, stoo au baraza iliyozibwa. Iwekwe nje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, moshi ukielekezwa panapo wazi.

Hapa ndipo maadili yanapopimwa kwa futi. Katika viwanja vilivyobanana, kama ilivyo katika mitaa mingi ya mji, mita sita kutoka chumba cha mwenye mali zinaweza kuwa mita moja kutoka dirisha la jirani. Saa moja usiku mashine inatolewa, inabebwa hadi kona ya nyuma ya ua, inaegeshwa chini ya ukuta. Kamba inavutwa mara mbili, mara ya tatu injini inashika. Upande wa mbele wa nyumba sauti imekuwa mnong'ono, sebule inang'aa, watoto wanashangilia. Upande wa pili wa ukuta mama mmoja anainuka kimya, anafunga dirisha la mbao kwa sababu ya moshi, na anarudi kulala katika chumba chenye joto ambacho sasa hakina hata upepo wa ziwa. Mwenye nyumba hakumkusudia ubaya. Alipima usalama wa watu wake tu. Mita sita za haki huhesabiwa kutoka kwenye madirisha yote, si ya mwenye mashine peke yake.

Ya pili ni kelele. Mahali pa wazi sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo hatua chache tu zina maana kubwa, na saa ya kuzima ina maana kubwa zaidi. Mafakihi wa Kimaliki waliyashughulikia haya kwa umakini wa ajabu. Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis wa karne ya 14 aliyeandika juu ya hukumu za majengo, anaeleza namna ya kupima kama kinu cha kusagia kinatikisa nyumba ya jirani. Karatasi hutundikwa kwa nyuzi, juu yake huwekwa mbegu kavu za giligilani, kisha kinu huzungushwa. Mbegu zikirukaruka, mwenye kinu anaambiwa akiondoe. Haki ya mtu kutumia mali yake ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulionekana kwa mbegu ndogo tu.

Nyumba za ibada haziko nje ya kipimo hiki. Kanisa linalokesha au msikiti unaotangaza kwa vipaza sauti vinavyoendeshwa na jenereta usiku kucha linamsifu Mungu au unamwita mja wake, na mgonjwa aliye nyumba ya tatu naye ni mja wa Mungu huyohuyo. Ibada inayomnyima jirani usingizi inaanza na deni.

Ya tatu haionekani kabisa. Mtu akiiunganisha jenereta na nyaya za nyumba bila kwanza kuutenga waya wa mji, umeme hurudi barabarani. Transfoma ya mtaa, ambayo kazi yake ni kushusha volti, hufanya kazi kinyumenyume na kuzipandisha hadi maelfu. Fundi aliyepanda nguzo akiamini waya umekufa anaweza kuuawa na taa ya sebule ya mtu asiyemjua. Swichi ya kuchagulia, inayoruhusu nyumba ipokee umeme wa mji au wa jenereta lakini kamwe si yote miwili, ni chombo cha ufundi, na katika dini ni sehemu ya amri ya kutoua. Anayenunua mashine na kuahirisha swichi amenunua nusu.

Mali na matumizi yake

Baada ya kutodhuru linakuja swali la umiliki. Thomas wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alitenganisha mambo mawili katika mali. La kwanza ni mamlaka ya kuitafuta na kuisimamia. Hayo mtu anaruhusiwa kuwa nayo peke yake, kwa sababu kila mmoja hutunza zaidi kilicho chake, na mambo huenda kwa utaratibu na amani. La pili ni matumizi. Hapo mtu hapaswi kuihesabu mali kuwa yake tu, bali awe mwepesi kuwashirikisha wenye shida. Na dhiki ikiwa ya kufa na kupona, alisema, vitu vyote vinakuwa vya wote.

Mgawanyo huo unaieleza jenereta vizuri. Ikiwa ya mtaa mzima bila mwenyewe, nani atabadilisha oili, nani atasafisha plagi, nani atanunua esansi? Mashine isiyo na bwana hufa upesi. Lakini mama akishikwa na uchungu usiku nyumba ya jirani, au mtoto akihitaji kifaa cha kuvutia pumzi, hoja ya gharama inakwisha. Wakati huo waya unavutwa juu ya ukuta bila kuulizana bei, na anayekataa amekataa kitu ambacho si chake tena.

Fikra za Wabantu zinaongeza jambo ambalo wanafalsafa wa Ulaya hawakulisisitiza. Padre Mfransisko Placide Tempels, aliyefanya utume Katanga miongoni mwa Waluba, alitoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Alidai kwamba kwa Waluba kuwapo ni kuwa na nguvu, na nguvu ya mmoja huongezeka au kupungua kutokana na mwenendo wa wengine. Wanafalsafa wa Kiafrika waliokuja baadaye, Paulin Hountondji akiwa mmoja wao, walimpinga vikali kwa kuwafunga watu wengi katika wazo moja. Ukosoaji huo ni wa haki. Hata hivyo, katika jambo la ujirani, wazo lenyewe linaonekana kwa macho: nyumba inayong'aa peke yake kila usiku huwafanya walio gizani wajione wamepungua, na nyumba inayowaita hupandisha kidogo kimo cha mtaa wote.

Nigeria kuna jenereta ndogo ya esansi ambayo watu waliipa jina la mtaani lenye maana ya "mimi nimempita jirani yangu." Jina hilo linasema wazi hatari ya kiroho ya mashine hii. Mtu anaweza kununua nuru, na anaweza kununua kupita wengine. Vyote viwili huuzwa katika kasha moja, na ni moyo wa mnunuzi unaochagua kipi atakitoa ndani yake.

Kuuza nuru

Wengi huuliza kama ni haki kumtoza jirani. Jibu limo katika yale ya mtungi: maji yaliyotekwa huuzwa, na aliyeyateka hali dhuluma. Meza ya kuchajia simu, yenye nyaya zilizosokotana na simu zilizofungwa vikaratasi vya majina, ni kazi halali inayolisha nyumba. Vilevile majirani watatu wanaochanga esansi na kuvuta waya kwa ajili ya friza zao hawavunji undugu, wanaupa mpango. Hesabu ya wazi huzuia manung'uniko, na mwenye mashine asiyelipwa kitu kwa mwezi mzima huishia kuizima mapema na kuwakwepa watu.

Mpaka ni dhiki. Anayepandisha bei usiku wa mji wote kuwa gizani, kwa sababu anajua hakuna pa kwenda, anauza shida ya mwenzake, wala si umeme tena. Samaki wa mchuuzi wakianza kulegea ndani ya friza iliyozimika, mtaji wa miezi unaweza kuoza kwa siku moja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ulio juu ya kichwa cha mwingine huonekana mwepesi daima. Bei ya haki hutolewa na mtu aliyejaribu, walau kwa dakika moja, kuubeba mzigo huo.

Kutoka peke yako

Deni la mwisho ni kwa mji wenyewe. Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu cha mwaka 1970, alieleza alichokiona katika reli ya Nigeria. Huduma ilipozorota, wateja wenye uwezo na wenye sauti kubwa walihamia kwenye malori. Reli haikusikia tena malalamiko yao, nayo ikaendelea kuoza pamoja na wale wasio na njia nyingine. Jenereta inaweza kufanya hivyohivyo. Wenye fedha, ambao barua yao husomwa na simu yao hupokelewa, wakishakuwa na umeme uani, Bendera huwa haiwahusu tena.

Sheria ya Kongo ya tarehe 17 Juni 2014 iliifungua sekta ya umeme kwa wawekezaji wengine na kuondoa ukiritimba wa zamani. Kwa hiyo kudai umeme wa mji si ndoto ya bure. Kuna mlango wa kisheria wa kubisha. Paneli za jua nazo zimepunguza uzito wa swali upande wa moshi na kelele, lakini hazikuliondoa: betri inayojaa kwa jua la wote bado iko ndani ya chumba cha mmoja. Mwenye nuru ya kwake anabaki na wajibu wa kusema kwa niaba ya waliokosa, kwa sababu amani yake ya usiku imempa nafasi ya kufikiri ambayo wao hawana.

Hivyo madeni ya mwenye jenereta yana mpangilio. Kwanza asidhuru: moshi, kelele na waya unaorudi barabarani vimalizwe kabla ya kuwaza sadaka. Pili atoe bila bei kile kisichompunguza: tundu la simu, mwanga wa barazani kwa mtoto mwenye daftari. Tatu, kinachogharimu akiuze kwa haki au akigawe kwa mapatano. Nne, penye hatari ya roho, asihesabu. Tano, asiache kuudai umeme wa wote. Hakuna hata moja kati ya haya linalomtaka awe maskini, wala linalomkataza kununua. Mashine ni yake. Moto, tangu enzi ya kigae na kaa, haujawahi kuwa wa mtu mmoja.